Mlango Uliotazamana na wa Mkwe

Mpaka leo nikisikia mtu anasema wazee wapangiwe nyumba karibu na watoto wao, nacheka kwa dharau. Nilikuwa msichana wa darasa la sita tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, mbele ya Kigwa. Aliyekipanga ni bwana mmoja mjuaji, suruali imepigwa pasi, akili imejikunja.

Bwana Mipango, ndivyo tulivyomwita, alisema vikongwe wasitupwe pembeni. Kila mzee ajengewe mkabala na mwanawe, apate kuhudumiwa. Tukampigia makofi, wajinga sisi. Bibi, mama yake mama, akapakiwa kwenye lori pamoja na mahindi yake, akaletwa kwenye nyumba iliyotazamana na yetu. Yaani mlango wake ulitazamana na mlango wa baba, mkwewe.

Kwetu Unyamwezini mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima, si ugomvi. Kule tulikotoka palikuwa na vichaka na njia mbili, kila mtu na yake. Hapa palikuwa na barabara iliyonyooshwa kwa kamba, na vyoo vyote vilichimbwa upande wetu. Baba akiwepo, bibi hatoki. Baba wa watu akawa anashinda shambani, lakini mtu ataikimbia nyumba yake mpaka lini? Bibi akaamua lake: akaacha kunywa maji, asije akabanwa.

Mama alikwenda kwa Bwana Mipango kuomba mlango wa bibi uhamishiwe nyuma. Akajibiwa kwamba milango yote itazame barabara, wageni wa mkoani wanakuja kukagua, na kwamba hizo ni mila za kizamani zinazorudisha nyuma maendeleo. Maendeleo! Mtu hajui bibi kizee atajisaidia wapi, maendeleo anayajua.

Bibi akaanguka. Lori lililomleta hatukuliona tena. Kilichokuwepo ni baiskeli ya baba, na bibi angekaaje nyuma ya mkwewe, amshike kiuno? Mama hakujua kuendesha. Akampakia bibi kwenye keria, akaisukuma mpaka zahanati ya Kigwa, mimi nimemshika bibi mgongoni. Baba alitufuata kwa mbali, tukisimama naye anasimama. Mganga alisema mama huyu amekauka maji mwilini, na akiendelea hivyo tutamzika.

Tuliporudi tulikuta mama mkwe wa Bwana Mipango amekuja kumtembelea binti yake. Na yeye, mwanamaendeleo wetu, amehamia kulala stoo ya kijiji, na kwake anapita uani akinyata kama mwizi wa kuku, asikutane naye. Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Mkuki kwa nguruwe. Nilimdharau siku ile na sijaacha.

Mama hakwenda kuomba tena. Alichukua shoka, akatoboa mlango kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi, ule unaotazama pori. Bwana Mipango akaja amefura, anauliza nani kampa ruhusa. Mama hakuliweka shoka chini.

"Ndugu," akamwambia, "mama mkwe wako jana kalala wapi? Na wewe umelala wapi?"

Akababaika, akasema atarudi na mgambo. Hakurudi. Bibi, aliyekuwa amejilaza mkekani akisikia yote, akaomba kata ya maji. Akainywa yote, akaomba nyingine.