Mionzi Niliyoieleza Nusu

Mama mmoja wa Ruhuwiko, hapa Songea, alikuwa akimleta binti yake hospitalini nimpige eksirei, kwa sababu uti wake wa mgongo ulikuwa ukipinda. Nilimweleza kwa upole kwamba kila picha humwongezea mtoto mionzi. Hakurudi kwa miaka miwili.

Aliporudi, bega moja la binti lilikuwa limeshuka sana.

“Si ulisema mionzi inaongezeka, baba? Nikamwepusha.”

Nikamweleza kwamba siku hizi kuna mashine inayopiga picha mgonjwa akiwa amesimama, ikionyesha mgongo kwa mbele na kwa ubavuni kwa mionzi kidogo sana.

“Iko hapa Songea?”

“Hapana, mama. Lakini hata kwa hii yetu, kukosa picha kumemuumiza zaidi kuliko mionzi; hatukuuona mgongo ukizidi kupinda ili atibiwe mapema.”

Binti alivua sweta polepole. Mama akageukia ukutani.