Wageni Wangu Nje ya Geti

Mume wangu alisema tukirudishwa kutoka geti la kambi ya mapumziko mara ya tatu atauza gari, na mume wangu si mtu wa kusema ovyo. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, dereva mwenzake wa basi, ambaye kila Jumapili asubuhi alikuja pale maegesho ya mtaa wetu wa Husby, Stockholm, kulizunguka na kupiga teke matairi kana kwamba ni yake tayari. Nilimchukia yule mtu, na hakuwa amenikosea lolote.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lenye vitanda ndani, jiko la gesi na kimeza cha kukunja. Waswidi huliita husbil, nasi tukasema husbili, mambo yakaisha. Watu wetu walitucheka mpaka basi. Mna nyumba ghorofa ya nne, walisema, hiyo nyingine yenye magurudumu ya nini? Sikuwajibu, maana jibu lingenitoa machozi. Mimi nilifanya kazi katika nyumba ya wazee, zamu za usiku. Mume wangu alishika usukani wa basi alfajiri. Mimi naingia, yeye anatoka, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Binti yetu, wa miaka kumi, alivaa ufunguo shingoni na alishazoea kutuona mmoja mmoja. Ni ndani ya husbili tu ndimo sisi watatu tulilala kwa wakati mmoja, nikasikia pumzi za wote. Sasa niambie, kitu kama hicho unakiuzaje?

Mara ya kwanza tuliporudishwa ilikuwa kambi moja kusini mwa jiji, mbele ya mtaa wa Farsta. Mlinzi alitoa kichwa dirishani akasema pamejaa. Tukageuza. Husbili iliyokuwa nyuma yetu ikaingia. Nilimwangalia mume wangu, akaangalia barabara. Mara ya pili, kambi nyingine, maneno yale yale, na nyuma yetu mtu mwingine akaingia vile vile. Safari hiyo mume wangu alishuka kuuliza. Akarudi akaniambia wale wana kadi ya klabu ya wenye husbili, nafasi zao huwekwa.

"Ni kadi," akasema.

"Ni rangi," nikasema.

"Mama watoto, mtu ameonyesha kadi. Nimeiona kwa macho yangu." Huniita mama watoto ingawa mtoto ni huyo huyo mmoja.

"Na sisi tumeonyesha nyuso. Ameziona kwa macho yake."

Tulizozana njia nzima hadi Husby, yeye kwa Kiswahili chake cha Kampala, mimi kwa changu cha Mombasa, ambacho nikikasirika hakina breki. Mtoto nyuma aliweka vidole masikioni.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini tusilale tu msituni, kando ya ziwa lolote. Nchi hii inamruhusu mtu kupumzika usiku mmoja karibu popote, mradi asiharibu kitu. Waswidi wenyewe wanafanya. Yeye alikuwa ameikimbia Uganda kwa miguu, na habari za safari ile sijawahi kuzisikia zote.

"Nimelala msituni vya kutosha," akasema. "Mimi nataka pahali penye geti, na mtu wa kunifungulia."

Ndivyo klabu ilivyoingia nyumbani kwetu. Tuliijadili jikoni wiki nzima, tukiwa tumesimama, maana mmoja wetu daima alikuwa anakwenda kazini. Alinipangia faida zote: utawekewa nafasi, utapunguziwa ada, gari likiharibika njiani atakuja fundi. Nikamuuliza ikiwa nilipe ndipo nionekane mtu. Akasema siyo utu unaolipiwa, ni nafasi ya kuegesha, acha ukaidi. Nikasema kama ni maegesho tunayo hapo chini, bure. Kisha binti yetu, aliyekuwa akila uji wake na kujifanya hasikii, akauliza kwa Kiswidi kama klabuni kuna watoto. Alijibu kila kitu kwa Kiswidi siku hizo. Baba yake akasema wako tele. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kazini.

Ila huingii klabuni hivi hivi. Kwanza unaalikwa wikendi moja, wakutazame nawe uwatazame. Jumamosi alasiri kuna kahawa, wageni wapya wanasimamishwa mbele ya wanachama, bwana na bibi wote wawili, kisha watu wananyoosha mikono kuwakubali au kuwakataa. "Tunakwenda posa," mume wangu alisema, akapiga pasi shati lake jeupe mara mbili.

Basi wiki ile nikakutana na mama wa ghorofa ya pili katika chumba cha kufulia. Huyu ni Mganda, Mwislamu, mtu mzima wa magoti mabovu. Nilipofika Stockholm majira yangu ya kwanza ya baridi, na kikoti cha kitambaa chepesi utadhani nakwenda harusini, ndiye aliyenivua akanivisha koti lake. Mapazia ya husbili alishona yeye, kwa mkono, na hakuwahi kuliona gari likiwa safarini.

"Jumamosi mpo, mwanangu?"

"Tuko kambini, mama, kando ya ziwa," nikamtajia na jina la ziwa. "Karibuni."

Palikuwa na wanawake wengine wawili wakikunja mashuka, nikawageukia nao: karibuni. Ningesema nini? Sikulelewa kutaja ninakokwenda halafu nikafunga mdomo. Nikatoa nguo zangu nikapanda juu, na sikulifikiria tena.

Jumamosi nilikuwa na roho mkononi tangu asubuhi. Husbili zilipangwa mstari, kila moja na kipande chake cha nyasi, viti vyake viwili na ua lake ndani ya kopo. Hakuna aliyepaza sauti. Nilimkataza mtoto kukimbia, nikamkataza kupiga kelele, nikafuta jiko ambalo halikuwa limepikiwa. Watu walitupungia mkono kwa adabu na kurudi kwenye magazeti yao. Kwa kweli hawakuwa na ubaya wowote, nami nilikuwa nautafuta kwa tochi. Binti yangu aliitwa na msichana wa jirani kwenda kuona sungura ndani ya kizimba, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Alikwenda mbio. Nikajikaza kisabuni nikasema, haya, tuingie klabu yao.

Mara honi ikalia getini. Si honi ya Mswidi hiyo. Nilijua kabla sijageuka.

Magari mawili yamejaa mpaka kwenye buti. Wale wa kufulia na waume zao, watoto, chupa za chai, sufuria ya pilau imefungwa blanketi isipoe. Na mama wa ghorofa ya pili amevaa gomesi, lile gauni la Kiganda, ya kijani, ile ya sikukuu, anapunga mkono.

"Umewaalika?" mume wangu aliniuliza. Uso ulikuwa umemshuka.

"Nilisema karibuni."

"Leo? Leo ukasema karibuni?"

"Sasa mtu anasema nini?"

Mlinzi hakufungua. Alimwita mwenyekiti wa klabu, mzee mstaafu mwenye kaptura na soksi ndefu, mtu wa sauti ya upole. Angenifokea ningejua pa kushika. Hakunifokea. Alisema wageni hutajwa mapema, na sisi hatukutaja. Alisema kahawa inaanza sasa, na ni ya wanachama na wanaotaka uanachama. Baada ya kahawa wageni wataingia, bila shaka, hata wote. Kwa sasa wasubiri nje ya geti. Ni saa moja tu.

"Umesikia?" mume wangu aliniambia kwa Kiswahili, ananong'ona. "Saa moja tu. Nakuomba. Wakituona hatuko, basi, imekwisha, na mimi nimeshakwambia nitafanya nini na gari."

Nje ya geti hapakuwa na kitu. Barabara ya changarawe na mtaro, jua linawaka, hata gogo la kukalia hakuna. Nilikwenda kumwambia yule mama kupitia vyuma. Nilimweleza haraka haraka, bila kumtazama, mambo ya kahawa na kanuni. Nilitaka akasirike. Wallahi ningepona kama angenitukana.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda usiwaweke watu. Sisi tutasubiri." Akamtuma mtu atoe kreti ya soda kwenye buti, akaigeuza, akaikalia, akanyoosha goti lile baya.

Nikaenda. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikilieleza, lakini nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mume wangu, nikapewa kikombe na andazi la mdalasini. Kila mtu alitabasamu. Mbele yangu, juu ya mabega ya katibu wa klabu, nililiona geti, na nyuma ya geti kitambaa cha kijani. Kikombe nilikishika tu.

Mwenyekiti alimsimamisha mume wangu. Aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu vizuri sana kwa Kiswidi cha kunyooka, watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Nilimwonea fahari, nikataka kumpiga. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi. Akaniuliza ni kitu gani ninachokipenda katika kuishi ndani ya husbili.

Nilisimama. Nilikuwa na jibu tayari, tulikuwa tumelifanyia mazoezi jikoni. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Yule mama pale nje ndiye aliyeshona mapazia yetu," nikasema. "Goti linamuuma na amekalia kreti. Samahani. Siwezi kunywa kahawa."

Nikaweka kikombe chini na nikaondoka. Sikumtazama mume wangu. Nilipita husbili zote zile na maua yao, na kichwani nasema, umeliuza gari, mwanamke, umeliuza wewe mwenyewe. Binti yangu alikuwa pale kwenye sungura. Aliniona uso, akaacha kila kitu, akanishika mkono. Mlinzi alitufungulia kijilango cha pembeni tukatoka.

Mama alifungua blanketi, pilau bado inatoa moshi, akanipakulia mimi wa kwanza. Nililia nikila. Wale wanawake walijifanya wanashughulika na chai.

Mara nikamsikia mwenzangu mmoja akisema, "Huyo." Nikageuka. Mume wangu alikuwa anakuja, shati jeupe limeloa mgongoni, na mkononi amebeba kiti cha kukunja. Sikuweza kuusoma uso wake. Nikasema sasa yatanikuta mbele za watu. Alipita kijilango. Alinipita na mimi. Akakifungua kile kiti mbele ya mama, akamshika mikono miwili, akamwinua kutoka kwenye kreti na kumkalisha.

"Nisamehe, mama," akasema. Kisha akaniambia mimi, polepole, "Nimesimama nje ya mageti mengi. Wewe huyajui. Sijawahi kuwa yule wa ndani, mpaka leo."

Mwenyekiti alikuwa amemfuata. Alisimama upande wake wa vyuma, amefadhaika kweli, akasema mikono haijanyooshwa bado, tukirudi sasa hakuna kilichoharibika. Nilimwona mume wangu akifikiri. Namjua akifikiri. Kisha akamshukuru kwa kahawa, kwa adabu zote.

"Nakuomba unifungulie geti," akasema. "Nitoe gari."

Akafunguliwa.

Tulirudi Husby msafara wa magari matatu, husbili mbele, mama amekaa karibu na mume wangu akishikashika mapazia yake. Chini ya nyumba zetu tulitandika mikeka kando ya maegesho, tukamaliza pilau, watu wakapita wakikaribishwa mpaka chakula kikaisha. Jua la Juni halikuwa na haraka ya kwenda. Watu walipoaga nilikusanya vyombo nivipandishe ghorofa ya nne. Ndipo nikaona binti yangu ameshapanda ndani ya husbili na kulala kitanda cha juu, viatu amevipanga mlangoni. Kumwambia ashuke kulinishinda. Mume wangu alimtazama, akanitazama, akavua viatu vyake akavipanga kando ya vile.

Asubuhi niliamshwa na kishindo. Mtu alikuwa anapiga teke tairi. Ilikuwa Jumapili, yule dereva mwenzake amekuja kukagua. Nilijilaza kimya nikisubiri, sikujua mume wangu atasema nini. Alikuwa bado hajaniambia lolote kuhusu gari. Alijiinua kwa kiwiko, na fulana yake ya ndani, akavuta pazia.

"Taratibu, bwana," akamwambia kwa Kiswidi. "Humu watu wamelala."

Akafunga pazia, akajilaza tena.