Mkasi wa Ubaoni

Mwalimu wetu wa hesabu pale mjini Kef, tuliyemwita Sidi kwa heshima, alikuwa na rula ya mzeituni, na rula hiyo ilisema zaidi kuliko yeye. Ikigonga meza mara moja, tunaandika jibu kwenye vibao vyetu vya chaki. Ikigonga tena, vibao juu. Aliyekosa alisimama dirishani, kibao juu ya kichwa, mpaka kengele. Kila akizidisha alichora ubaoni mistari miwili iliyokatana kama mkasi, akajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, akazijaza kwenye pembe nne: namba mbili za kuzidisha juu na chini, zao lao, nalo likijumlishwa hivyo hivyo, kushoto, na jibu kulia. Kushoto na kulia zikilingana, alipuliza chaki vidoleni: “Imepita.” Mpaka leo nikimaliza hesabu hujikuta napuliza vidole visivyo na chaki.

Siku moja aliandika kuwa 23 mara 14 ni 232. Mkasi ukakubali, saba huku na saba huku. Hedia, jirani yangu wa dawati, akabaki ameinua 322.

“Dirisha linakungoja, bibie!” Tijani wa dawati la nyuma akamcheka.

“Mkasi umesema nini, binti?” mwalimu akauliza.

“Saba, Sidi. Lakini hata yangu ni saba.”

Mwalimu akazidisha upya, polepole, kwa kidole hewani. Kisha akampa Hedia rula, akachukua kibao, akaandika 232.

“Haya, gonga.”

Hedia akagonga kidogo, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

“Gonga wenzako wasikie!”

Akagonga. Mwalimu akaenda dirishani, akainua kibao. Hakukishusha mpaka kengele.