Shali ya Bi Zubeda

Kidawa binti Kombo wa kijiji cha Kanga hakuwa na njaa ya kusifiwa. Hapakuwa na mwari aliyeolewa kijijini bila mkeka wa mkono wake, na hata wakubwa wa serikali ya Mwingereza walimwagizia. Lakini sifa hizo zote ziliingia sikio hili zikatokea lile, kwa sababu ya shali ya jirani yake.

Shali yenyewe ilikuwa ya Kashmiri. Sleyum, mwenye shamba la minazi, alimletea mkewe Bi Zubeda kutoka Maskati. Kila penye arusi Bi Zubeda alivua pete yake, akaipitisha shali nzima katika tundu la pete, wanawake wakapiga vigelegele.

"Manyoya ya mbuzi haya, shoga zangu," alisema. "Mbuzi wa milima ya baridi."

"Mbuzi ni mbuzi," Kidawa alinong'ona, kijicho kikimtafuna. "Hata mimi ninaye."

Na kweli alikuwa naye. Kesho yake alimfunga beberu wake kwenye mnazi, akamchana kwa kitana tangu shingoni hadi mkiani. Alichopata ni konzi moja ya manyoya magumu yanayonuka, na teke la paja. Mbuzi wa Kanga aote sufu laini kwa baridi ipi? Kidawa alichechemea wiki nzima, akasema ameteleza kisimani.

Ikafika siku ya kumwoza bintiye, Mwanahalima. Bi Zubeda aliingia na shali mkononi, akamfunika Kidawa nayo mabegani mbele ya wageni.

"Leo mama wa bibi arusi ni wewe. Ichukue, shoga yangu, ni yako kabisa."

Ilikuwa laini kuliko alivyoiota. Kidawa akainua shingo, akangoja kutazamwa.

"Jamani, Bi Zubeda ana moyo!" akasema mmoja.

"Kutoa shali ile! Mungu amzidishie," akadakia mwingine.

Vigelegele vyote vikaelekea kule alikoketi Bi Zubeda na kanga yake kuukuu, akijipepea kwa kipepeo cha ukili alichosuka Kidawa mwenyewe. Jasho lilimtiririka Kidawa chini ya shali ile ya sufu, na hakuivua. Alimtazama yule mwanamke, mabega wazi, hana kitu, bado anasifiwa yeye. Wivu ukamkaba kuliko siku zote.

"Shoga," akamwita, "kanga hiyo umeipata wapi?"