Kampuni Iliyodai Haipo Nachingwea

Mwamina binti Kaimu wa Kiegei alikuwa mfinyanzi. Shimo lake la udongo alilirithi kwa mama yake, naye mama alilipata kwa bibi. Wanawake wa Ruangwa walitembea kutwa nzima kufuata vyungu vyake, kwa sababu havikupasuka motoni.

Mwaka 1949, Wazungu wa mradi wa kulima karanga walipokuwa wakifyeka misitu, kampuni moja ya Nairobi ilipewa kazi ya kuchonga barabara. Asubuhi moja Mwamina alifika na jembe lake akakuta shimo halipo. Palikuwa na changarawe iliyoshindiliwa, na alama za katapila juu yake. Hata barabara haikupita hapo. Dereva alitaka tu mahali pa kugeuzia mtambo.

Alikwenda Nachingwea, kwenye ofisi ya kampuni, jengo la bati lenye kibao kikubwa mlangoni. Meneja alimsikiliza kwa dakika chache, kisha karani wake, Ausi, akatafsiri jibu: kampuni haipo hapa, makao yake ni Nairobi, mwenye madai ayapeleke mahakama ya huko.

"Mwulize," Mwamina alimwambia Ausi, "kama hawapo hapa, aliyefukia shimo langu ni nani?"

Ausi hakulitafsiri swali lile. Aliinamia makaratasi yake.

Mwamina akaenda kwenye baraza la liwali. Liwali alimsikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akamweleza kwamba sheria haimruhusu kuihukumu kampuni ya Kizungu. Basi Mwamina akaanza kuwauliza watu Nairobi iko wapi. Wakamwambia: ushuke Lindi, upande meli mpaka Dar es Salaam, halafu nyingine mpaka Mombasa, halafu treni. Yeye lugha yake ni Kimwera, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Aende akaseme na nani huko?

Kaka yake, Abdala, alimshauri aachane nao, achimbe kwingine. Mwamina alikwisha kujaribu kwingine. Vyungu saba kati ya kumi vilipasuka. Alimjibu kaka yake kwamba kama ni kuhama, wahame wao.

Mganga msaidizi wa zahanati ya Mnero, Felisian, ndiye aliyemwandikia shauri na kulipeleka kwa hakimu aliyekuja Nachingwea mara kwa mara kutoka Lindi. Wakili wa kampuni akajibu kwa barua kwamba mdaiwa ni mkazi wa Nairobi, hivyo mahakama ile haina uwezo juu yake. Barua zikaenda zikarudi, mwaka ukapita na nusu yake. Muda wote huo malori ya hiyo kampuni isiyokuwepo yalipita mbele ya nyumba ya Mwamina kila siku na kumwagia vumbi vyungu alivyoanika.

Siku ya kusikilizwa pingamizi, wakili alizungumza karibu asubuhi nzima. Hakimu alipomgeukia Mwamina, yeye alisimama.

"Bwana Hakimu, mimi sikuifuata kampuni Nairobi. Yenyewe ilinifuata Kiegei. Na shimo langu siwezi kulipakia melini nilipeleke huko."

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasoma uamuzi. Shauri la ardhi husikilizwa pale ardhi ilipo. Tena, kampuni yenye ofisi na wafanyakazi Nachingwea haiwezi kusema haipo Nachingwea. Shauri likasikilizwa kesho yake, na kabla ya adhuhuri kampuni ikaamriwa ilifukue shimo.

Vibarua walichimba siku tisa. Udongo ulitoka umechanganyika na changarawe, na ilimbidi Mwamina auchekeche msimu mzima kabla haujafaa.

Felisian alipokuja kumpongeza, hakumkuta na furaha aliyoitarajia. Mwamina alimwambia kwamba shauri lenyewe lilichukua asubuhi moja tu, lakini ruhusa ya kulisema hapa Nachingwea ilichukua mwaka na nusu. Akamwuliza ni wangapi wengine waliofukuzwa kwenye mlango wa lile jengo la bati wakarudi nyumbani kimya.

Felisian aliwajua wanne: wawili wa Mnero, mmoja wa Mandawa, na mjane mmoja hapo hapo Kiegei, Bi Zaitun.

"Waite," Mwamina alisema. "Na karatasi uje nazo."