Wingu Juu ya Mashuka

Juzi jino lilinipeleka mjini kwa daktari, na pale kwenye chumba cha kungojea nikakutana na picha ya mama. Si picha ya sura yake, usinielewe vibaya. Nasema ile picha ya mwanamke anayeanika mashuka kando ya mto, ambayo sisi watoto wa mama tunaijua kuliko tunavyowajua shangazi zetu. Ilikuwa ukutani, ndani ya kioo. Nilisimama na shavu langu lililovimba, mikono ikaenda yenyewe mgongoni. Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nimechoka kukaa. Nikamwambia apana, nasoma. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyezidiwa na maumivu, na sikumlaumu.

Ngoja nikueleze, maana bila kueleza hata wewe utaniona nimechanganyikiwa.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Buterere, pembezoni mwa mji, nyumba ya matofali ya udongo na mabati kuukuu, nyuma yake mashamba ya mpunga na vyura wasiojua kunyamaza. Tulikuwa tumekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mama na watoto watatu: dada yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Mdogo wetu aliacha kusema tangu tulipovuka mpaka. Hakuwa kiziwi wala hakuwa na homa. Ukimwita anakuja, ukimpa bugali na sombe ya majani ya muhogo anakula mpaka anapangusa sahani kwa kidole. Ila neno halikutoka. Shule ya karibu ilitukubali mimi na dada, yeye ikamkataa. Mkuu wa shule alimwambia mama amrudishe siku atakapoanza kusema. Mama, ambaye kule kwetu alikuwa mwalimu, hakubishana naye. Alitushika mkono sote watatu akaturudisha nyumbani, na kesho yake chumba chetu cha mbele kikawa darasa.

Tulisoma hesabu kwa chaki juu ya sakafu, na Kifaransa kwenye kitabu kisicho na jalada. Lakini kwanza kabisa, tukishafagia uwanja na kuosha vyombo vya jana vilivyonuka samaki wadogo wa ndagala, ilikuwa picha. Mama alikuwa amepewa kalenda ya zamani kwenye duka moja la dawa, kalenda kubwa yenye picha zilizochorwa na mafundi wa Ulaya. Miezi yake ilikuwa imepita zamani, kwa hiyo akazikata tarehe kwa wembe, akabaki na picha. Aliitundika moja kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na ilikaa hapo mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha.

Sheria zake hazikuwa na huruma. Mikono mgongoni, kwa sababu picha huangaliwa kwa macho. Mdomo kufungwa. Tukishaangalia, anaigeuza uso ukutani na kusema, "Haya, semeni." Kila mmoja na zamu yake, na lililokwisha kusemwa halirudiwi. Sasa dada yangu ndiye aliyeanza kila siku, kwa ukubwa wake, na alikuwa na uroho wa maneno usio na mfano. Mashuka, mto, nyumba, ng'ombe, vyote alivikomba yeye. Mimi nikaachiwa makombo: kikapu, kitambaa chekundu cha kichwani, kidole gumba cha mguu kilichochungulia chini ya gauni. Nilimchukia kila asubuhi kwa muda mfupi. Hata hivyo, uchoyo wake ndio ulionifundisha kutazama pembeni, na kazi yangu ya leo ya kushona inaishi kwa jicho hilo hilo.

Kisha ilikuja zamu ya mdogo wetu. Mama hakumruka hata siku moja. Alimwita jina lake, akanyamaza, akangoja. Tulisikia vyura, tulisikia mwanamke wa jirani akitwanga. Mama akishaona imetosha alisema, "Sawa, asante," kama vile mtoto amejibu, ndipo tunaingia kwenye hesabu. Mimi na dada tulichoka na kungoja kule. Jirani naye alikuwa na maoni yake, na hakuyaficha: mtoto apelekwe kwenye chumba cha maombi, mama aache kuwaonyesha watoto wa wakimbizi nguo za wazungu zilizoanikwa. Mama alimjibu kwamba maombi anaendelea nayo, na picha pia anaendelea nayo.

Lakini nilimwona akikonda. Alikuwa anamwogopea, na sisi tulijua. Kama yule mtoto asingesema, hakuna mlango wa shule ambao ungemfungukia. Wakati mwingine akichambua mchele alimtazama mpaka vidole vinasimama.

Picha ya mashuka ilikuwa imekaa muda mrefu kuliko zote, usiku mmoja mvua kubwa iliponyesha. Bati letu lilivuja kama kawaida yake. Asubuhi tulikausha sakafu, mama akaielekeza picha kwetu, tukapeleka mikono mgongoni. Akaigeuza. Dada akakomba vyake. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepata kitu kipya kabisa na nilikaribia kupasuka kwa furaha. Nikasema kuna wingu kubwa la kahawia juu ya mto, upande wa mkono wa kuume. Dada alinuna kwa kuwa hakuliona yeye. Mama akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia mdogo wetu, akamwita, akangoja.

"Apana," mdogo wetu akasema. "Ile wingu jana haikukuwa."

Yeye akaendelea, taratibu, sauti imekwaruza.

"Mama, mvua iko inakuja. Yule mama aanue nguo."

Mama aliigeuza picha. Kweli, maji ya bati yalikuwa yamepita pale juu, yakaacha doa la kutu. Mimi nililihesabu kuwa wingu, mama mwenyewe alilikubali. Yule mtoto wa kimya, asubuhi zote zile ambazo sisi tulidhani hayupo, alikuwa ameishika mbingu yote ya ile picha kichwani mwake.

"Sawa, asante," mama alisema, sauti ile ile ya kila siku. "Mufungue hesabu."

Halafu akatoka nje. Jua lilikuwa kali, uwanja umeanza kukauka. Tulimwona kupitia mlangoni akianua nguo zetu kwenye kamba, moja moja, zikiwa bado zinachuruzika maji. Jirani akamwuliza kulikoni. Mama akamjibu kwamba mvua inakuja, na akauficha uso wake kwenye shati la mdogo wetu.

Shule ilimpokea baadaye, na alisema huko mpaka walimu wakamwomba apumzike. Leo anasimamia mizigo kwenye bohari moja kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na ukimpigia simu uwe umeshakula. Nyumba ya Buterere ilichukuliwa na mafuriko. Siku ile mama aliokoa mchele na magodoro, tukahamia mtaa wa Jabe. Dada alipoililia kalenda, mama alimwambia asimsumbue, alishaigeuza ukutani zamani. Mama mwenyewe tulimzika, na yule jirani alilia kuliko sisi. Ukienda sasa pale palipokuwa darasa letu utakuta mpunga, na vyura, basi.

Pale kwa daktari niliitazama picha mpaka nikaona kosa. Upande wa kuume, juu ya mto, palikuwa na buluu tupu, safi kabisa. Najua, ndivyo fundi alivyoichora. Lakini ilinikera, nakwambia, kana kwamba mtu ameingia nyumbani kwetu akasugua ukuta. Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia mdogo wangu. Jibu lake la sauti lilikuja upesi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya wingu lilikuwa fupi, akiniita mkubwa wake kwa neno la kwetu.

"Yaya, hiyo si yetu. Yetu ilikuwa na mvua."

Niliitwa ndani kung'olewa jino. Mlangoni niligeuka nikamwangalia tena yule mwanamke. Alikuwa bado anaanika, hana habari.