Fungu la Asiyekuwepo

Nyumbani kwetu Muleba chakula hakikumalizwa. Mama alipoepua ndizi alizimimina juu ya jani la mgomba, tukakaa kulizunguka, na kabla hatujashiba yeye alikuwa ameshavuta kando fungu dogo na kulifunika. Hilo lilikuwa la asiyekuwepo. Asiyekuwepo aliweza kuwa mgeni aliyechelewa njiani, au baba enzi za uhai wake, akiwa bado yuko kwenye pombe. Nilipokwenda Ulaya kusoma, asiyekuwepo nikawa mimi. Mama mdogo, mdogo wake mama, alinisimulia baadaye kwamba miaka yote ile fungu langu liliwekwa kila jioni, na asubuhi likaliwa na yeyote aliyepita, mara nyingi mbuzi. Nilicheka sana aliponisimulia.

Nilirudi wakati wa vijiji vya ujamaa, nikiwa na shahada ya udaktari, ile isiyotibu mtu. Kijijini waliniita daktari, wakanionyesha majipu na meno mabovu. Nikawaeleza kwamba mimi ni daktari wa vijidudu. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na bado hawajakufikisha kwa watu?"

Chuo kilichonisomesha kilikuwa kimenipa nafasi ya kuendelea na utafiti baada ya shahada, nami nikaomba kuufanyia nyumbani. Hospitali moja mjini Bukoba ikanipa chumba nyuma ya wodi ya upasuaji. Nilitaka kujua kwa nini vidonda vya watu wetu vilikuwa vimeanza kuidharau penisilini. Nilikusanya usaha wodini na kwenye zahanati za vijijini, hadi Izimbya, nikauotesha kwenye visahani vyenye damu ya kondoo. Kondoo mwenyewe nilimfuga uani, na wauguzi walimjali kuliko walivyonijali mimi. Juu ya vijidudu niliweka vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa inayofaa hujitengenezea duara tupu ambalo vijidudu havilisogelei. Isiyofaa, vijidudu huota mpaka kwenye karatasi yenyewe. Mwezi hadi mwezi niliona maduara yakipungua.

Sababu haikuwa ya kutafuta kwa tochi. Rafu za zahanati zilikuwa tupu, na aliyebahatika kupata dawa aliigawa akifika nyumbani: kapsuli moja ya mume, moja ya mtoto wa jirani mwenye kikohozi, moja ikafunguliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda cha bibi. Nani angewalaumu? Redio ilihimiza watu wagawane, padri alihimiza, na kabla ya hao wote kwetu ilijulikana kwamba anayekula peke yake si mtu wa kuaminiwa. Mimi nikawa nasimama kwenye mikutano ya vijiji, kati ya habari za shamba la pamoja na habari za vyoo, kuwaambia wasigawane. Niliwapa mfano wa lumbugu, lile gugu linalotambaa chini ya migomba: ukipalilia nusu ukaenda zako, linalobaki ni lile lenye mizizi mirefu, na ndilo litakalojaza shamba. Walinipigia makofi kwa adabu. Mama alikuwepo siku moja. Jioni aliniambia mfano wa lumbugu ulikuwa mzuri, ila sauti yangu ilikuwa ya kugombana.

Mwaka uliofuata alichomwa wayo na kisiki cha nyasi huko rweya, uwanda ulio nje ya migomba, wanawake wanakokata nyasi za kutandaza shambani. Alifunga majani, akaendelea kwenda kwenye shamba la kijiji kwa kuwa hakutaka atajwe mkutanoni kuwa mvivu. Alipoletwa kwangu Bukoba mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na unanuka. Nilichukua usaha wake kwa mkono wangu mwenyewe. Penisilini haikufaa. Zile kapsuli za rangi mbili walizozoea watu kugawana hazikufaa. Palikuwa na duara moja tu, kubwa na safi, la dawa mpya ambayo hospitali haikuwa nayo. Daktari wa wodi akaiomba kwa wamisionari, na kwa rehema za Mungu ikapatikana.

Mama akapata nafuu. Homa ilishuka, akaanza kuwakosoa wauguzi namna wanavyotandika vitanda, nikajua amepona. Kisha akadai kwenda nyumbani, kahawa imeiva na nyani hawana huruma. Daktari alimruhusu, akampa kapsuli zilizosalia za dawa ile mpya azimalizie nyumbani. Nikamsindikiza stendi.

"Mae, uzimeze zote. Hata ukijisikia mzima."

"Nimesikia, mwana wange. Lumbugu."

"Na usimpe mtu."

"Nimesema nimesikia." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akakitazama kiganja. "Mikono hii inashinda kwenye usaha wa watu. Na wewe ukiugua, nani atakupa?"

"Siugui, Mae. Panda, basi litakuacha."

Kahawa haikuwa imekwisha kuvunwa aliporudishwa, amelazwa nyuma ya lori juu ya magunia. Mguu ulikuwa umevimba tena, na safari hii maumivu yalikuwa ndani ya mfupa. Nilimuuliza kama alimaliza dawa.

"Nilipona," akajibu. "Kidonda kilikauka kabisa."

Sikuwa nimeuliza hivyo, lakini alikuwa anatetemeka kwa homa, nikamwacha. Nilikwenda kuotesha usaha wake upya. Asubuhi yake nilipofunua kisahani, lile duara safi halikuwepo tena. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye karatasi. Visahani vya namna hiyo nilikuwa nimeviona vingi, nikavichunguza na kuviandikia nikinywa chai. Hiki nilikaa nacho mapajani nikashindwa hata kukifunika. Hapakuwa na dawa nyingine ya kuomba, si kwa wamisionari wala kwa mtu yeyote ninayemjua.

Daktari alizungumzia kukata mguu, lakini vijidudu vilikuwa vimekwisha kuingia damuni. Mama alikufa mchana, wakati wa kugawa chakula wodini. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na haikuwa kweli.

Muuguzi mmoja, akinifariji, alisema sikio la kufa halisikii dawa. Nilimjibu vibaya. Mama alisikia, tena alisikia vizuri kuliko mikutano yangu yote. Sikuelewa tu alichofanya baada ya kusikia, na nilichodhani ni kwamba aligawa. Tulimzika kwenye kibanja, chini ya migomba yetu, kando ya baba, na msiba mzima nilikuwa nawatazama majirani wakilia nikijiuliza ni nani kati yao aliyemeza uhai wa mama yangu kwa ajili ya kikohozi. Niliwachukia. Waliniletea ndizi, wakanichotea maji, wakanifagilia uwanja, nami niliwaitikia salamu kwa midomo tu.

Walipokwisha kuondoka, mama mdogo alileta kile kikapu kidogo cha kifuniko ambacho mama aliwekea buni za kutafuna, zile anazopewa mgeni kabla ya maneno yoyote. Tulikaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Akaniwekea buni chache kiganjani, kisha akaingiza vidole hadi chini na kutoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, kimefungwa kwa uzi wa mgomba kama alivyofunga mama vitu vyote. Nilikifungua. Zilikuwa zile kapsuli, karibu nusu ya alizopewa.

"Nyingine alimpa nani?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ile ya kugombana.

"Nyingine alimeza mwenyewe. Hakumpa mtu." Mama mdogo alinishangaa. "Mtoto wa jirani alikuja na jipu, akamkatalia. Alisema umemkataza, na kwamba hizi zina mwenyewe."

"Nani?"

"Wewe, waitu. Alisema unashinda na magonjwa ya watu, siku ukiugua dawa hii haipatikani. Kidonda kilipokauka akakuwekea."

Nje mbuzi walikuwa wanalia kutaka kufungwa. Nilikuwa sijaugua tangu nirudi, hata mafua. Nikakaa pale juu ya nyasi, buheri wa afya, fungu langu mkononi.